Nani Alipima Joto Kabla ya Kipimajoto?

Kuna hoja moja inayorudi kila tunapozungumzia ukame na joto katika kipindi hiki. Inatoka barazani, inatoka kwenye daladala, inaingia hapa studio kwa simu na kwa ujumbe mfupi. Mtu anasema: hali ya hewa imekuwa ikibadilika tangu dunia iumbwe, wazee wetu nao walipata miaka ya joto na miaka ya njaa, sasa hawa wataalamu wanajuaje kwamba joto la leo si la kawaida, na vipimajoto vyenyewe ni vya juzi?

Mimi siipuuzi hoja hiyo. Ni swali la haki, na anayeliuliza amegusa penyewe. Mfululizo mrefu kuliko yote wa vipimo vya kipimajoto ni wa katikati ya Uingereza, nao unaanzia mwaka 1659. Vituo vya kutosha kutupa wastani wa dunia vimekuwepo tangu mwaka 1850 hivi. Kabla ya karne ya 17 hakuna aliyekuwa akiamka asubuhi kusoma nyuzi na kuziandika daftarini, si huko Ulaya wala huku kwetu. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba mwaka 536 ulikuwa na majira ya joto yenye baridi kuliko yote katika miaka elfu mbili, una haki ya kumuuliza: wewe ulikuwepo? Hakuwepo. Miti ndiyo iliyokuwepo. Na leo nataka tuuchunguze ushahidi wa miti hiyo: unachukuliwaje, unapimwaje, unaaminika wapi na unayumba wapi. Maana ushahidi usioelezwa namna ulivyopatikana hauna tofauti na uvumi.

Tuanze na kitu ambacho seremala yeyote anakijua. Ukikata msonobari uliotoka nchi za baridi na ukautazama uso wa gogo, unaona pete, moja ndani ya nyingine, kutoka kwenye kiini hadi kwenye gome. Katika nchi hizo mti hulala majira ya baridi. Joto likirudi unaamka na kujenga upesi: chembe kubwa, kuta nyembamba, ubao mweupe mweupe. Majira ya joto yanapokaribia kwisha, chembe zinakuwa ndogo na kuta zake nene, na ubao unakuwa na weusi. Kisha mti unasimama kabisa. Mwaka unaofuata weupe unaanza tena pembeni ya weusi wa mwaka jana, na mpaka kati yao unaonekana wazi kama mstari. Weupe mmoja na weusi mmoja ni mwaka mmoja.

Inaonekana kazi rahisi, kwamba ni kuhesabu tu. Sivyo. Mwaka ukiwa mgumu mno, mti unaweza usijenge kitu upande mmoja wa shina, na pete ya mwaka huo ukaikosa kabisa mahali ulipotoboa. Au ukame unapiga katikati ya msimu, mti unasita, mvua inarudi, nao unaendelea. Hapo unapata mistari miwili kwa mwaka mmoja. Anayehesabu tu atakosea mwaka mmoja hapa na miwili pale, na baada ya miaka mia tano hesabu yake yote imepinda.

Aliyepata dawa ya tatizo hilo hakuwa mtu wa misitu. Andrew Ellicott Douglass alikuwa mtaalamu wa nyota. Alifanya kazi katika kituo cha Lowell cha kutazama anga kule Flagstaff, jimbo la Arizona nchini Marekani, mpaka mwaka 1901 alipoachishwa baada ya kutilia shaka mambo ambayo mkuu wake alidai kuyaona kwenye sayari ya Mirihi. Kilichomshughulisha ni madoa ya jua, yanayoongezeka na kupungua kwa mzunguko wa miaka kama 11. Alitaka kujua kama mzunguko huo unaleta mvua na ukame duniani. Arizona haikuwa na kumbukumbu za mvua za muda mrefu, lakini ilikuwa na misonobari mikubwa, na magogo yake yalijaa kwenye viwanda vya mbao. Akaanza kwenda kuyasoma.

Huo uhusiano wa jua na mvua hakuweza kuuthibitisha. Badala yake aliona jambo lenye manufaa makubwa zaidi: mpangilio wa pete nyembamba na pete nene ulikuwa ule ule kutoka mti hadi mti, hata miti hiyo ikiwa mbali kwa mbali. Pete mbili nyembamba, moja nene, tatu za kawaida, moja nyembamba sana: mpangilio huo ukiukuta kwenye gogo moja, unaukuta na kwenye gogo la mlima wa pili. Mti uliokosa pete au ulioongeza pete ya uongo unajulikana mara moja, kwa sababu wenzake wanausuta. Na kuna faida nyingine. Ukiwa na mti hai wa miaka 300, na boriti ya nyumba kongwe iliyokatwa wakati mti ule ungali mche, pete za nje za boriti zinafanana na pete za ndani za mti. Unazilaza moja juu ya nyingine, kama fundi anavyoezeka makuti, kila kuti likilalia sehemu ya lile la chini, na paa la miaka linapanda kurudi nyuma kuliko umri wa mti wowote ulio hai.

Nataka tukae kidogo hapo Arizona, kwa sababu tukio la mwaka 1929 linaonyesha nguvu ya jambo hili kuliko maelezo yangu. Douglass alikuwa na mfululizo unaotoka kwenye miti hai na kurudi nyuma hadi karne ya 13. Alikuwa pia na mfululizo mwingine, wa miaka 585, alioutoa kwenye boriti za magofu ya mawe yaliyojengwa na mababu wa watu wa Pueblo, wenyeji wa asili wa huko. Huo wa pili ulikuwa sahihi ndani yake, mwaka kwa mwaka, ila haukuwa na tarehe. Hakuna aliyejua kama unaangukia mwaka 500 au mwaka 1000. Kati ya mfululizo wa kwanza na wa pili palikuwa na pengo ambalo boriti zote zilizoletwa zilishindwa kuliziba.

Mwezi Juni mwaka huo, katika mji mdogo wa Show Low, wachimbaji wa mambo ya kale walitoa ardhini kipande cha boriti kilichoungua. Kikaandikwa namba HH-39. Douglass alikaa nacho jioni hiyo chini ya taa, akizisoma pete zake na kuzilinganisha na mpangilio aliokuwa ameuhifadhi kichwani. Pete ya ndani ikaangukia mwaka 1237, ya nje mwaka 1380. Sehemu yake ya juu ililala juu ya mfululizo wa miti hai, na sehemu yake ya chini ikalala juu ya mfululizo wa magofu. Ikaonekana kumbe mifululizo hiyo miwili ilikuwa inagusana tangu mwanzo; pete zilizohitajika kuiunganisha zilikuwa nyembamba mno, za miaka ya shida, hata asingethubutu kuziamini bila boriti hiyo. Kwa kipande kimoja cha mkaa, magofu yaliyokuwa hayana umri yakapata miaka yake kamili. Na zile pete nyembamba, za tangu 1276 hadi 1299, zikaonyesha ukame mrefu uliokwenda pamoja na wakati watu walipoyahama makazi yao ya kwenye majabali.

Sasa hapa msikilizaji makini atanishika. Tulikuwa tunazungumzia joto, na mimi namsimulia mvua. Ni kweli, na tofauti hiyo ndiyo moyo wa elimu hii yote. Mti hunung'unikia kile unachokikosa. Msonobari wa Arizona una jua la kumwaga. Unachokosa ni maji, kwa hiyo pete zake zinaandika mvua. Ukitaka mti unaoandika joto, uende mahali ambapo maji si shida na joto ndilo adimu: juu mlimani karibu na mpaka ambapo miti inakoma, au kaskazini kabisa, karibu na Aktiki. Sehemu moja inayojulikana sana kwa kazi hii ni kando ya ziwa Torneträsk, kaskazini mwa Sweden. Huko msonobari unapata wiki chache tu za kukua kwa mwaka. Wiki hizo zikiwa na joto, unajenga vizuri. Zikiwa na baridi, unabaki na pete hafifu.

Kwa hiyo anayekwambia "miti inaonyesha joto" amesema nusu. Muulize ni mti gani, ulisimama wapi, na ulikuwa unakosa nini.

Kazi yenyewe inafanywa hivi. Mti haukatwi. Mtafiti anatumia keekee ya mkono yenye tundu ndani, anaizungusha taratibu kutoka kwenye gome kuelekea kwenye kiini, na anapoichomoa anapata kijiti cha ubao chembamba kuliko penseli, unene wa milimita 5 hivi, ambacho kimepita kwenye pete zote. Kijiti kinagundishwa kwenye mfereji wa kipande cha mbao, kisha kinapigwa msasa, kwanza wa mchanga mkubwa, mwisho laini kabisa, mpaka chembe moja moja inaonekana chini ya hadubini. Halafu sindano: kila mwaka wa kumi unachomwa tundu moja dogo, mwaka wa hamsini matundu mawili, mwaka wa mia matundu matatu. Desturi hiyo inatumika hadi leo. Ukikishika kijiti cha mti mkongwe mkononi, unapitisha kidole juu ya karne.

Kisha wataalamu waligundua kwamba upana wa pete si kipimo bora cha joto. Upana una kumbukumbu. Mti ulioteseka mwaka jana unaanza mwaka huu na akiba ndogo, hata kama mwaka huu ni mzuri. Kinachofuata joto kwa uaminifu zaidi ni uzito wa ile sehemu nyeusi ya pete, ubao wa mwisho wa msimu. Majira ya joto yakiwa marefu na yenye joto, kuta za chembe zinanenepa na ubao unakuwa mzito. Uzito huo unapimwa kwa kupiga kijiti picha ya eksirei. Mswisi Fritz Schweingruber alizunguka sehemu kubwa ya kaskazini ya dunia, kuanzia Ulaya na Siberia hadi Amerika Kaskazini, akikusanya vijiti kutoka mamia ya misitu kwa ajili ya kipimo hicho. Na kule Finland kaskazini, misonobari iliyoanguka maziwani maelfu ya miaka iliyopita imehifadhiwa na tope baridi la chini. Imetolewa na kupangwa mpaka mfululizo wa pete umepita miaka 7,000.

Sasa, pete nzito inasema kulikuwa na joto. Joto la nyuzi ngapi? Hapo kipimajoto na mti vinakutanishwa. Inachukuliwa miaka ambayo vyote viwili vipo, na inagawanywa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza inatumika kutafuta uhusiano: pete ikiwa nzito kiasi hiki, majira yalikuwa na nyuzi ngapi. Sehemu ya pili inafichwa. Joto lake linakadiriwa kwa pete peke yake, ndipo daftari la kituo cha hali ya hewa linafunguliwa na kulinganishwa. Mfululizo ukishindwa mtihani huo haupewi nafasi ya kusema lolote kuhusu mwaka 536. Naupenda utaratibu huu, kwa sababu haumwombi mtu aamini kwanza.

Umri wa mti nao unaleta shida yake. Mti mchanga una pete nene, mti mzee una pete nyembamba, joto liwe lolote. Usipoliondoa hilo utadhani dunia ilikuwa na joto kila mti ulipokuwa mtoto. Ukiliondoa kupita kiasi unafuta pia mabadiliko ya polepole ya hali ya hewa yenyewe, yale ya karne nzima, ambayo ndiyo uliyokuwa unayatafuta. Wataalamu wamebishana juu ya hesabu hiyo kwa miaka mingi, na wana haki ya kubishana, maana matokeo yanategemea sana namna ilivyofanywa.

Turudi kwenye mwaka 536. Mwanahistoria Procopius wa dola ya Roma ya Mashariki aliandika kwamba mwaka ule jua liliangaza bila mng'ao, hafifu kama mwezi. Kwa muda mrefu wasomaji hawakujua waiweke wapi habari hiyo. Huenda ni kutia chumvi, huenda ni jambo la mji mmoja tu. Lakini mialoni ya Ireland ilikuwa na pete nyembamba mwaka huo na tena karibu na mwaka 540. Misonobari ya Sweden hivyo hivyo. Miti ya milima ya Altai, huko katikati ya Asia, hivyo hivyo. Na barafu ya Greenland na ya Antaktika ilikuwa na tabaka za salfa za milipuko mikubwa ya volkano iliyotokea karibu na mwaka 536 na mwaka 540. Moshi na gesi zilipanda juu angani, zikalizuia jua, na miti ya nchi zisizojuana ikaandika jambo moja. Mwaka 2016 Ulf Büntgen na wenzake walionyesha, kwa miti ya Altai na ya milima ya Alps, kwamba baridi iliyoanza hapo iliendelea hadi karibu mwaka 660. Katika miaka hiyo hiyo tauni ilizuka katika nchi za bahari ya Mediterania, mwaka 541. Wapo wanaofunga mambo hayo mawili fundo moja. Mimi ningekuwa mwangalifu: mti unasema kulikuwa na baridi, hausemi nani aliugua.

Sasa nifike pagumu, pale ambapo watetezi wengi wa elimu hii hupita haraka. Mwaka 1998 na 1999, Michael Mann, Raymond Bradley na Malcolm Hughes walichora mstari wa joto la nusu ya kaskazini ya dunia, kwanza kurudi hadi mwaka 1400, kisha hadi mwaka 1000. Miti ilikuwa nguzo kubwa ya mchoro huo. Mstari ulishuka polepole kwa karne nyingi, halafu ukapanda ghafla katika karne ya 20, na watu wakaufananisha na gongo la mchezo wa magongo. Ukawa maarufu na ukapigwa vita vilevile. Mwaka 2006 kamati ya wataalamu nchini Marekani, chini ya Gerald North, iliukagua kwa ombi la wabunge. Ikasema kuna uhakika mkubwa kwamba miongo ya mwisho ya karne ya 20 ilikuwa na joto kuliko kipindi kama hicho chochote cha miaka 400 iliyopita. Kwa miaka iliyotangulia 1600 uhakika ni mdogo, na kabla ya mwaka 900 ni mdogo sana, kwa kuwa miti na vielelezo vingine ni vichache. Hayo ndiyo maneno ya watu wanaojua mipaka ya wanachokipima.

Na kuna tatizo jingine, zito zaidi. Mwaka huo huo wa 1998 Keith Briffa wa Chuo Kikuu cha East Anglia, Uingereza, alitangaza pamoja na wenzake kwamba katika baadhi ya misitu ya kaskazini miti ilikuwa imeacha kufuata kipimajoto. Tangu miaka ya 1960 hivi, vipimajoto vilionyesha joto linapanda, na uzito wa pete ukawa haupandi nalo. Huenda joto lilizidi mpaka miti ikaanza kukosa maji, kwa hiyo ikahama kutoka kuandika joto kwenda kuandika ukame. Huenda moshi wa viwanda ulipunguza mwanga wa jua. Sababu zimependekezwa nyingi na hazifanani kila mahali. Wala si misitu yote iliyofanya hivyo.

Novemba mwaka 2009 barua pepe za kituo cha utafiti wa hali ya hewa cha chuo hicho ziliibwa na kutangazwa duniani. Ikajulikana kwamba katika mchoro mmoja uliotolewa mwaka 1999, sehemu ile ya mwisho ambapo miti ilikwenda kinyume iliondolewa na kuzibwa kwa vipimo vya vipimajoto, bila msomaji kuelezwa. Tume iliyoongozwa na Muir Russell ilichunguza mwaka 2010. Ikasema uaminifu wa wanasayansi hao hauna shaka, na ikasema pia kwamba mchoro ule ulipotosha kwa kukosa maelezo. Mimi nakubaliana na yote mawili. Tatizo lenyewe halikuwa siri. Briffa alikuwa ameshaliandika katika jarida la Nature kwa jina lake. Lakini mchoro unaopelekwa kwa wananchi ulistahili kuwa na maelezo yale yale wanayopewa wataalamu. Mwananchi si mtoto wa kukatiwa nyama. Uaminifu uliopotea wiki ile umewagharimu hata wale waliofanya kazi safi, na hadi leo nasikia watu wa huku kwetu wakikumbuka kashfa bila kukumbuka majibu yake.

Kazi haikusimama. Mwezi Mei mwaka 2024, Jan Esper, Max Torbenson na Ulf Büntgen walitoa katika jarida hilo hilo la Nature mfululizo wa majira ya joto ya nchi kavu za kaskazini, tangu mwaka wa 1 hadi mwaka 2023, uliotokana na miti na, kwa miaka ya karibuni, vipimajoto. Majira ya joto ya mwaka 2023 yalizidi wastani wa vipimo vya miaka ya 1850 hadi 1900 kwa nyuzi 2.07 za Selsiasi. Katika miaka elfu mbili iliyotangulia hakuna yaliyoyafikia. Yale ya mwaka 536, ya baridi kuliko yote, yalikuwa chini ya hayo ya 2023 kwa karibu nyuzi 4. Basi jibu la yule mwenye hoja ya barazani ni hili: ndiyo, hali ya hewa imekuwa ikibadilika, miti yenyewe ndiyo iliyotuonyesha namna ilivyobadilika, na ndiyo hiyo hiyo inayosema kwamba tulipofika sasa pamepita yote iliyowahi kuyaandika.

Lakini angalia vizuri nilichosema: majira ya joto, na nchi kavu za kaskazini. Miti ile ililala majira ya baridi na haikuandika kitu. Haijui habari za bahari. Wala haijui habari za Dodoma, Kitui au Bukavu. Mtu wa Afrika Mashariki ana haki ya kuuliza, na kwetu je?

Kwetu ni vigumu. Mti wa mahali ambapo hakuna baridi hauna sababu ya kulala. Pwani yetu ina mvua mbili, masika na vuli, na mti wa huku unaweza kukua mara mbili kwa mwaka na kukuachia mistari isiyohesabika kwa haki. Ila ukiingia bara, kwenye nchi ya miombo, kuna msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu kikali. Miti inapukutisha majani na kusimama. Huko pete zipo. Mbelgiji Valerie Trouet, ambaye sasa ni miongoni mwa mabingwa wa elimu hii duniani, alianza kuisoma kwa magogo ya miombo ya Tanzania, na mwaka 2001 yeye na wenzake walichapisha uchunguzi wa mtundu na mti mwingine wa miombo, wakitafuta alama za El Niño ndani ya pete za miti hiyo. Zimbabwe ilipata bahati zaidi kwa mninga, ambao wao huuita mukwa: pete zake zilitoa historia ya mvua ya miaka 200, tangu 1796 hadi 1996. Mvua, msikilizaji, si joto. Mninga haukosi joto.

Joto letu limeandikwa kwingine. Mwaka 2000 watafiti wanne, mmoja wao Mkenya Nyawira Muthiga, walitangaza matokeo ya tumbawe lililotobolewa Malindi, ambalo lilijenga tabaka mwaka baada ya mwaka kwa miaka 194. Lilionyesha bahari yetu imepata joto hadi nyuzi 1.3 tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Na mwaka 2010 tope la chini ya Ziwa Tanganyika lilipimwa na Jessica Tierney na wenzake, wakaona joto la uso wa ziwa mwishoni mwa karne ya 20 halina mfano katika miaka 1,500. Maji ya juu yakipata joto sana hayachanganyiki na yale ya chini yenye rutuba, chakula cha samaki kinapungua, na wavuvi wa dagaa na migebuka kutoka Kigoma hadi Uvira hawahitaji kuelezwa maana yake.

Kinachonisumbua ni kwamba tumbawe na tope vinasubiri, miti haisubiri. Mninga mkubwa unageuka milango na vitanda, na miombo inageuka mkaa kila siku. Mti wa miaka 200 unapita kwenye msumeno, seremala anausifia rangi, na hakuna anayeutazama kama kumbukumbu ya mvua za tangu enzi za misafara ya Unyamwezi. Sisemi watu wasipike wala wasilale kitandani. Nasema gogo likishakatwa, kuchukua kisahani kimoja hakumnyimi mtu kitu. Tuna chuo cha misitu Morogoro, tuna maofisa misitu wilayani, tuna viwanda vya mbao vilivyosajiliwa. Kisahani cha unene wa sentimita tano hivi, kilichokaushwa kivulini ili kisipasuke, kinatosha. Nyuma yake iandikwe kwa kalamu isiyofutika: jina la mti, kijiji uliposimama, na tarehe ulipoangushwa. Tarehe isisahaulike kabisa, kwa sababu pete ya mwisho iliyo chini ya gome ndiyo anayoanzia msomaji kuhesabu, na bila hiyo anabaki na mfululizo usio na mwaka, kama ule wa Douglass kabla ya boriti ya Show Low.